Maji Safi Kupita Kiasi

Kazi yangu ya kwanza baada ya kuacha chuo ilikuwa kuangalia tangi la samaki la mzee mmoja tajiri huko Lavington. Karo ilikuwa imenishinda mwaka wa tatu, nikisomea biolojia, na nyumbani nilikuwa nimewaambia watu kwamba tuko likizo ndefu. Rafiki yangu akanipigia simu: "Si wewe ni mtu wa samaki? Kuna mzee anatafuta kijana." Shilingi 15,000 kwa mwezi, siku nne kwa wiki. Nilikuwa nakaa Kawangware, kwa hivyo hata nauli sikuhitaji. Nikakubali kabla hajamaliza kuongea.

Tangi lilikuwa la lita 600, limejengwa ndani ya ukuta wa sebule. Samaki wachache walikuwa wa pwani yetu, matumbawe alikuwa ameyaagiza kutoka nje. Bahari iko karibu kilomita 500 kutoka hapo, kwa hivyo maji ya chumvi tulitengeneza wenyewe: maji ya bomba yanapitishwa kwenye mashine ya kuchuja hadi yanabaki maji matupu, halafu unakoroga chumvi maalum. Kwa kila lita moja safi, mashine ilitupa lita tatu hivi. Mimi nilikotoka mtungi wa lita 20 tulinunua kwa shilingi 20, na ukame ukija bei inapanda. Wiki ya pili nikaanza kubeba yale maji ya kutupwa nikaenda kufulia nayo. Mzee hakujali.

Alichojali ni usafi. Kila Ijumaa nilipima nitrati na fosfati, mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki ndani ya maji, na alitaka kusikia neno moja tu: sufuri. Nilipomwambia "Sufuri, mzee," alitabasamu kama mtu aliyepata matokeo mazuri hospitalini.

Mwezi wa nne mchanga ukaanza kubadilika rangi. Kwanza vumbi la kahawia, halafu utando, halafu kitu kama kamasi, kirefu, chenye viputo vya hewa, kinaning'inia juu ya mawe na matumbawe. Nilikifyonza kwa mpira jioni. Asubuhi mchanga ulionekana karibu kuwa mweupe. Kufikia saa nane mchana, taa zikiwa zimewaka kikamilifu, kilikuwa kimerudi. Konokono wakaanza kuanguka kutoka kwa kioo. Unawageuza, wanalala chali tena, kesho yake wamekufa.

"Kijana, hapa pachafu," mzee akasema. "Osha. Na tumbawe lolote litakalokufa, nitakata kwa mshahara." Tumbawe moja dogo pale lilizidi mshahara wangu wa mwezi.

Nikaosha. Nikabadilisha maji mara mbili kwa wiki badala ya mara moja. Kadiri nilivyoosha ndivyo kamasi ilivyoongezeka. Ndiyo maana nikaanza kusoma usiku, bando ikiisha nasoma nilichohifadhi. Nilikuwa natafuta dawa. Nilichopata ni historia ya karibu miaka 200 ya watu waliojaribu kuweka bahari ndani ya kioo, na karibu wote walisumbuliwa na ute.

*

Tuanze na fundi cherehani. Jeanne Villepreux-Power alikuwa Mfaransa aliyeshona nguo jijini Paris kabla ya kuolewa na kuhamia Messina, kisiwani Sicily. Hakuwa na chuo kikuu chochote. Huko alitaka kujua kama mnyama mmoja jamaa ya pweza, argonauta, hujitengenezea gamba lake au huliiba kwa mwingine, kwa sababu wataalamu walikuwa wamebishana sana juu ya jambo hilo. Ili amtazame akiwa hai, mwaka 1832 alitengeneza masanduku ya kioo ya kuwekea wanyama wa baharini. Akathibitisha kwamba gamba ni lake mwenyewe. Nakiri nilimpenda huyu mama kabla sijamaliza ukurasa.

Lakini Messina iko ufuoni. Kuweka maji ya bahari mbali na bahari ni hadithi nyingine, na hiyo inaanza mwaka 1846 na Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster Abbey, London. Akiwa mapumzikoni Torquay, kusini mwa Uingereza, aliona matumbawe madogo ya maji baridi akaamua kuyabeba hadi nyumbani. Aliyafunga kwa sindano na uzi kwenye sponji, akayatia kwenye mtungi wa mawe, akasafiri nayo. London akayahamishia kwenye bakuli za kioo.

Shida yake ilikuwa maji. Mwanzoni aliagiza mapya kutoka pwani. Baadaye akaona badala ya kuyatupa ni afadhali kuyapa hewa: yamiminwe kutoka chombo kimoja hadi kingine, mbele ya dirisha lililofunguliwa, nusu saa hadi dakika arobaini na tano, kila siku. Hivyo ndivyo matumbawe yake yalivyoishi karibu miaka mitatu.

Sasa, nani aliyemimina? Si Bi Thynne. Ni mfanyakazi wa ndani. Katika maelezo niliyosoma ametajwa kwa kazi yake, jina lake halipo. Nilisoma hapo nikiwa nimekaa kitandani, mabega yananiuma kwa kubeba ndoo za maji ya chumvi, nikacheka peke yangu. Dada, nakuelewa.

Kuna jambo jingine Thynne alifanya ambalo ni muhimu kwa kisa chetu. Mwaka 1847 aliagiza vipande vya mawe na mwani kutoka pwani, vikiwa na viumbe vyake, akaviweka pamoja na matumbawe. Hakuviosha vikawa vyeupe. Aliweka kipande cha bahari kama kilivyo. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Miaka michache baadaye, mkemia Robert Warington, huyo huyo wa London, alikuwa na chombo cha maji baridi, samaki wadogo wa dhahabu na mmea wa majini. Hesabu yake ilikuwa nzuri kwenye karatasi: samaki anatoa hewa ambayo mmea unahitaji, mmea unatoa hewa ambayo samaki anahitaji. Lakini majani yalipozeeka yalioza, ute wa kijani ukapanda kwenye kioo, maji yakaharibika. Alichofanya ni kuongeza konokono wa ziwani. Konokono wakala majani yaliyooza na ule ute, wakataga mayai, na watoto wao wakawa chakula cha samaki. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1850.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siku halisi ya kuzaliwa kwa ufugaji wa aina hii. Warington aligundua kwamba viumbe viwili havitoshi. Anahitajika wa tatu, yule anayekula uchafu. Ute haukuondolewa kwa kuosha bali kwa kuongeza mlaji. Na unaona pia kwa nini mimi nilikuwa na shida kubwa zaidi yake: konokono wangu ndio waliokuwa wa kwanza kufa.

Baada ya hapo Uingereza ikapatwa na wazimu wa matangi. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki. Mwaka 1854 Philip Henry Gosse alichapisha kitabu kilichoeneza jina akwariamu, na watu wa tabaka la kati wakamiminika ufuoni na ndoo na patasi. Mwanawe, Edmund, aliandika mwaka 1907 kwa masikitiko jinsi wakusanyaji walivyoyapokonya uhai madimbwi ya miambani ambayo baba yake alikuwa ameyafanya maarufu. Kila mtu alitaka kipande chake cha bahari nyumbani. Wengi walipata kioo cha kijani na harufu mbaya.

Mmoja aliyeelewa sababu mapema alikuwa William Alford Lloyd, aliyekuwa na duka la vitu vya akwariamu London. Lloyd aliona kwamba mwanga mwingi ndio unaolisha ukijani. Alipopewa kazi ya kujenga akwariamu kubwa za umma, Hamburg mwaka 1864 na Crystal Palace mwaka 1871, alificha sehemu kubwa ya maji chini ya ardhi, gizani, kwenye hifadhi kubwa kuliko matangi yenyewe, na kuyazungusha kwa pampu. Ukisikia leo mfugaji wa matumbawe akisema "nimezima taa siku tatu na kufunika tangi kwa blanketi," ujue anatumia silaha ambayo Lloyd alikuwa nayo kabla ya umeme kuingia majumbani.

*

Sasa tumjue adui. Jina lake ni dinoflajelati, wafugaji wanamwita dino. Ni kiumbe cha seli moja chenye mijeledi miwili, mmoja umemzunguka kama mshipi na mwingine unaburuta nyuma, kwa hivyo anapoogelea anazunguka kama pia. Jina lenyewe limetoka kwa neno la Kigiriki la kuzunguka. Mwingereza Henry Baker aliandika mwaka 1753 juu ya vijidudu vinavyofanya maji ya bahari yametemete usiku. Hao walikuwa ni dino. Mwaka 1773 Mdenmaki Otto Friedrich Müller akaelezea aina nyingine kwa utaratibu wa kisayansi.

Yule aliyekuwa Lavington nilikuja kujua ni wa jenasi ya Ostreopsis. Aliyempa jina hilo ni Johannes Schmidt, mwanabotania wa Denmark, mwaka 1901, baada ya kukusanya vielelezo katika ghuba ya Siam, Thailand ya leo. Jina linamaanisha mwenye sura ya chaza. Schmidt huyo huyo alikuja kuwa maarufu kwa kutafuta mahali mikunga wa Ulaya wanapozaliwa, katika Bahari ya Sargasso. Ostreopsis hakumletea umaarufu. Kwa miongo mingi alikuwa kiumbe cha wataalamu wachache tu.

Halafu Julai 2005, jijini Genoa, Italia, watu karibu 200 walienda kutafuta matibabu baada ya kukaa ufuoni. Wengine hata hawakuwa wameingia majini. Walikuwa na homa, kikohozi, pumzi inabana. Ostreopsis alikuwa ameota kwa wingi kwenye mawe ya pwani, na upepo ulikuwa unapeperusha matone yenye sumu yake. Sumu hiyo ni ya ukoo wa palitoksini, ambayo watafiti Richard Moore na Paul Scheuer waliitenga Hawaii mwaka 1971 kutoka kwa kiumbe jamaa ya matumbawe. Ni moja ya sumu kali zaidi zinazojulikana za viumbe. Nilipofika hapo nikaacha kufyonza maji kwa mdomo ili kuanzisha mpira. Ndiyo, nilikuwa nafanya hivyo. Kama unafuga, vaa glavu, linda macho, usichemshe mawe ya tangi wala kuyasugua ovyo.

Lakini jambo lililonikalisha chini ni hili. Tumbawe lenyewe linaishi kwa dinoflajelati. Ndani ya nyama yake kuna mamilioni ya seli za kahawia ambazo hupokea mwanga, hutengeneza sukari na kumlisha mwenyeji. Mjerumani Karl Brandt alizipa jina la zooksanthela mwaka 1881. Msafara wa Uingereza ulioongozwa na C. M. Yonge ulikaa kwenye Great Barrier Reef, Australia, mwaka 1928 na 1929 ukizichunguza. Mwaka 1962 Hugo Freudenthal akaipa jenasi yake jina, Symbiodinium. Kwa hivyo kwenye lile tangi kulikuwa na dino ndani ya tumbawe wanaolilisha, na dino juu ya tumbawe wanaolifunika hadi life. Ndugu wa ukoo mmoja, mmoja ni mpishi, mwingine ni muuaji.

Hili si jambo la matangi ya matajiri tu. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya pwani yetu yalipoteza wale wapishi wake, yakawa meupe, na sehemu kubwa ikafa. Mvuvi wa Kwale au Kilifi alihisi hilo kwenye nyavu zake bila kuhitaji jina la Kilatini. Huwezi kumchukia dino kwa jumla. Bila yeye hakuna mwamba wa matumbawe.

*

Basi kwa nini yule mbaya huota kwenye tangi la kisasa lililojaa mashine? Hapa historia inarudi Asia.

Mwaka 1961, mkazi wa Jakarta aitwaye Lee Chin Eng aliandika katika jarida la Marekani jinsi alivyoweka matumbawe hai. Hakuwa na vifaa vya ajabu. Alitumia maji ya bahari, mwanga wa jua, viputo vya hewa, na mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na viumbe vyake vyote: minyoo, sponji, mwani, bakteria. Aliuita mfumo wa maumbile. Ni lile wazo la Anna Thynne la 1847, safari hii kwenye joto la tropiki. Wafugaji wa Marekani na Ulaya waliojaribu mara nyingi walishindwa, kwa sababu mawe yaliyofika kwao baada ya safari ndefu yalikuwa na maiti nyingi kuliko uhai.

Wajerumani wakachukua wazo hilo na kuliongezea mashine. Kuanzia miaka ya 1970 Peter Wilkens alieneza matumizi ya maji ya chokaa kuyapa matumbawe kalsiamu, na mbinu iliyokuja kuitwa ya Berlin ikaunganisha mawe hai, taa kali, na mashine ya povu. Mashine hiyo hupuliza viputo vidogo ndani ya maji, uchafu unanata kwenye viputo, unapanda na povu na kumwagwa nje. Ilifanya kazi vizuri sana. Matumbawe yaliyokuwa yakifa baada ya wiki chache yakaanza kukua na kugawanywa.

Ndipo usafi ukageuka kuwa mashindano. Kama uchafu kidogo ni vizuri, basi sufuri ni bora zaidi, si ndiyo? Zikaja chembechembe za chuma za kunyonya fosfati. Watu wakaanza kutia vodka kwenye matangi, si utani, ili kulisha bakteria wale nitrati yote. Na badala ya mawe hai kutoka baharini, wengi wakaanza kununua mawe makavu, meupe, yasiyo na mdudu hata mmoja. Kuna sababu nzuri ya hilo, kwa sababu miamba ya watu ilikuwa ikichimbwa kupamba sebule za mbali. Lakini jiwe kavu halina mkazi. Ni kiwanja kitupu.

Fikiria sasa hali ilivyo ndani ya tangi kama hilo. Mwani wa kawaida na diatomu wanahitaji nitrati na fosfati zilizo majini. Zikikosekana, wanakufa njaa. Dino naye ana mbinu mbili za kula: anatumia mwanga kama mmea, na pia aina nyingi hula viumbe vingine vidogo, bakteria wakiwemo. Washindani wakishaondoka na walaji wake wamekufa kwa sumu, mtaa wote ni wake. Haya ndiyo maelezo ambayo wafugaji wengi wamekuja kuyakubali baada ya kuona kitu kilekile kwenye tangi baada ya tangi: kamasi inaanza wiki chache baada ya vipimo kusoma sufuri.

Nikakumbuka tabasamu la mzee kila Ijumaa.

*

Ushauri wa miaka ya 1990 ulikuwa wa vita vya jumla. Zima taa siku tatu. Pandisha alkali ya maji kwa chokaa. Punguza chakula. Fyonza. Baadhi ya watu walifaulu, wengi waliona kamasi ikirudi baada ya wiki mbili, wengine wakavunja tangi na kuanza upya. Punguza chakula lilikuwa kosa, maana lilimwondolea dino washindani waliobaki.

Mabadiliko yalikuja wafugaji walipoanza kununua hadubini za bei nafuu na kuangalia. Kumbe "dino" si mmoja. Ostreopsis ana umbo la tone la maji, ncha moja imechongoka, na huzunguka kwenye nukta moja kama mbuzi aliyefungwa kambani. Coolia anafanana naye ila ni mviringo zaidi. Amphidinium mkubwa ni bapa, anateleza ndani ya mchanga na hapendi kuuacha. Prorocentrum ni kama mbegu. Kila mmoja ana udhaifu wake.

Kama huna hadubini, kuna jaribio la jikoni. Chota kamasi pamoja na maji kidogo, tikisa hadi ivunjike, chuja kwa karatasi ya kahawa, acha maji yaliyopita kwenye glasi chini ya mwanga kwa saa moja. Nyuzi zikijikusanya tena, kuna uwezekano mkubwa una dino. Mwani wa kawaida haujishoni upya hivyo.

Mimi nilitaka kuona kwa macho. Rafiki yangu mmoja anafundisha sayansi shule ya upili, akaniruhusu kutumia hadubini Jumamosi. Nilibeba kamasi kwenye chupa ya soda, nikaiweka chini ya lenzi, nikaona matone ya kahawia mamia kwa mamia, kila moja likizunguka mahali pake. Nilikuwa sijagusa hadubini tangu niache chuo. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyohitaji.

Baada ya hapo nikawa na mpango, nikauandika kwa daftari, nikaupeleka kwa mzee. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba tangi lake ni safi kupita kiasi. Alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake. "Kijana, unataka nilipie uchafu?" Nikamwambia: mzee, nipe wiki sita, nikishindwa kata yote. Ukweli ni kwamba sikuwa na kitu cha kukatwa.

Tuliacha kubadilisha maji. Tukatoa zile chembechembe za kunyonya fosfati na kuzima mashine ya povu nusu ya siku. Samaki wakalishwa mara tatu badala ya moja. Fosfati ikapanda, nitrati ikakataa, ikabidi kutia chumvi ya nitrati kidogo kidogo na kupima kila siku. Shabaha ilikuwa nitrati kati ya miligramu 5 na 10 kwa lita, na fosfati karibu 0.1, na zisishuke tena kuwa sufuri. Kwa kuwa Ostreopsis huachia mawe usiku na kuelea, mzee alinunua taa ya UV, ile ya miale inayoua vijidudu, nikaiunganisha maji yaingie moja kwa moja kutoka kwenye tangi na kurudi humo humo. Angekuwa ni Amphidinium wa mchangani, taa hiyo ingekuwa hasara. Kwake yeye watu hutia silikati ili diatomu waote na kumnyang'anya nafasi. Tuliweka mkaa wa kuchujia ili kunyonya sumu, na kila jioni nilifyonza kamasi kupitia kitambaa kizito, maji yakirudi ndani na kamasi ikibaki nje. Siku tatu tukafunika tangi giza totoro, à la Lloyd. Mwisho, kutoka kwa mfugaji mwingine ambaye tangi lake lilikuwa kuukuu na lenye afya, nikaomba jiwe moja na kikombe cha mchanga uliojaa vijidudu. Jiwe lenyewe lilikuwa baya kuangalia.

Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika. Wiki ya pili tumbawe moja likafa. Wiki ya tatu kioo kikaanza kuwa kijani, na mzee akanipigia simu usiku kunifokea. Mimi nilikuwa nataka kucheka kwa furaha, kwa sababu ukijani ulimaanisha washindani wamerudi. Wiki ya tano tumbawe la pili likafa. Lakini mchanga ulikuwa unabaki mweupe hadi saa kumi jioni. Wiki ya saba niliweka konokono watano. Siku iliyofuata wote walikuwa kwenye kioo, wanakula.

Sitasema niliwashinda. Dino hawaishi kabisa, wachache hubaki mahali fulani wakisubiri maji yawe matupu tena. Kinachowazuia ni wingi wa wengine.

*

Mzee alikata matumbawe mawili kwenye mshahara. Ahadi ni deni, akasema, hata kama tangi limepona. Nilifanya kazi miezi miwili bila malipo ya maana, halafu nikaondoka. Sikuondoka kwa hasira. Nilikuwa nimechoka tu, na nilikuwa nimeanza kuandika.

Nyumbani walishajua kuhusu chuo. Mama hakusema mengi. Aliniuliza tu kama hiyo kazi ya samaki ilinifunza kitu, nikamweleza habari ya sufuri, jinsi maji yasiyo na kitu ndani yake yanavyomkaribisha mbaya. Akasema hilo mtu yeyote aliyelima anajua: shamba ukiliacha tupu, haliotewi na mahindi.

Siku yangu ya mwisho Lavington niliandika karatasi na kuibandika ndani ya kabati chini ya tangi, kwa kijana atakayekuja. Namba za nitrati na fosfati, na onyo la kutozishusha hadi sufuri hata bosi akitaka. Jinsi ya kutambua tone linalozunguka. Usifyonze mpira kwa mdomo. Maji yanayotupwa na mashine yanafaa kufulia, beba. Halafu nikamkumbuka yule dada wa London aliyemimina maji mbele ya dirisha kila siku, nikaandika chini jina langu, majina yote matatu, na tarehe.